Mume Wangu Aliyewatii Wote

Mume wangu hajui kukataa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotaka kuniacha mjane hapa Kimara. Polikarpo ni mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, mpole mpaka anakera. Mteja akisema sikio la kinyago ni kubwa, analipunguza. Akija mwingine akasema sikio limekuwa dogo, anatafuta gogo jipya anaanza upya. Namwambiaga, "Baba Jonas, ipo siku watakuomba kidole uwape." Anacheka tu, anaendelea kupiga patasi.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepatwa na sukari.

Kliniki walimpa vidonge. Sista wa pale, mama mmoja wa kukemea hata akisalimia, alituketisha wote wawili. Vidonge asiruke, ugali apunguze, atembee. Halafu akanigeukia mie. "Mama, ukiona anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anaongea hovyo, hapo sukari imeshuka, haijapanda. Maadamu anaweza kumeza, mpe soda, mpe chai ya sukari, usisubiri. Halafu mlete." Nikaitikia, ndiyo sista.

Hilo neno "atembee" ndilo lililompeleka kwenye jogging. Huku kwetu kila mtaa una klabu yake, na fulana za sare. Jumapili alfajiri wanazunguka mitaa wakiimba mpaka waliolala wanatukana, wakimaliza wanakaa kwenye supu na chapati kana kwamba hawajakimbia kitu. Polikarpo ana sauti, basi wakamfanya mwimbishaji. Anakimbia mbele, anatoa wimbo, umati mzima unamjibu. Mwanaume aliyekuwa anashinda ameinamia gogo akaanza kurudi nyumbani anatabasamu. Nilifurahi, haki ya Mungu tena.

Kocha wa klabu ni Godlisten, kijana wa Rombo mwenye kifua kilichojaza fulana. Sio tapeli, tusimsingizie, maana hauzi chochote. Yeye anaamini, basi. Kwenye grupu la klabu alikuwa anarusha video asubuhi na jioni. Wanga ni sumu. Usitie kitu mdomoni mpaka jua lipite utosi. Ukiamka kunywa maji ya bamia zilizolala kwenye glasi. Video moja inasema matunda ni dawa, inayofuata inasema matunda ndiyo yanayoua. Na wanaoongea wote wamevaa koti jeupe! Koti jeupe hata muuza nyama wetu analo.

Nilikuwa nachanganyikiwa. Nakoroga mboga huku nasikiliza, nazima, nawasha tena. Namtazama Polikarpo akinywa ule utelezi wake wa bamia, natamani kumnyang'anya glasi, naacha. Maana kilichonimaliza nguvu ni hiki: alikuwa anapata nafuu. Tumbo lilipungua. Mashine ya kupimia ikawa inasoma vizuri, na Godlisten akaipiga picha akairusha kwenye grupu, watu wakapiga makofi ya vidole. Nikajiuliza, au mie ndiye mshamba?

Jioni moja nikambana. "Kliniki umewaambia kwamba unafunga mpaka mchana?"

"Wataona nimewadharau."

"Na huyo kocha wako, umemwambia unameza vidonge?"

"Ataona simwamini."

"Kwa hiyo unamsikiliza nani, Baba Jonas?"

Akanitazama kwa huruma, kama mie ndiye nisiyeelewa. "Wote. Vidonge nameza, na kufunga nafunga. Hakuna niliyemvunjia heshima."

Lo! Nikaondoka nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Basi ikaja Jumapili ya bonanza. Klabu kutoka Mbagala walikuwa wageni wetu, na wageni wa jogging lazima waimbiwe mpaka wakubali. Polikarpo alitoka nyumbani amemeza vidonge, amekunywa bamia, tumboni hana hata kipande cha mhogo. Mie na kina mama wengine tulikuwa uwanjani kwenye masufuria ya supu. Tukawasikia wanarudi, sauti yake imetangulia. Halafu wimbo ukakatika katikati. Ukikatika wimbo wa jogging, ujue kuna jambo. Nikaacha upawa ndani ya sufuria.

Walimleta wamemshika makwapani. Fulana imeloa chapachapa, mikono inatetemeka, macho hayanioni. Anaongea Kimakonde na mama yake, na mama yake tulishamzika. Nikamwita, akaniita kwa jina la dada yake. Wakamketisha chini, na pale pale kila mtu akawa daktari.

"Sukari imepanda huyo!"

"Asiguse kitu kitamu!"

"Bamia! Nani ana bamia?"

Godlisten alikuwa nayo, kwenye chupa. Akamimina kwenye kifuniko akamtia mdomoni. Polikarpo akameza. Hata akili zikiwa zimemruka, mume wangu hakatai kitu. Na tetemeko likazidi.

Nilimpokonya mgeni mmoja wa Mbagala soda yake ya machungwa. Godlisten akanidaka mkono. "Shemeji, utamuua! Mtu ana sukari unampa soda?"

Watu siku hizi wakinisimulia wananifanya shujaa. Uongo mtupu. Sikuwa na uhakika hata chembe. Nikajiona nimesimama mbele ya Jonas namwambia, baba yako nimemuua mie kwa mkono wangu mbele ya umati. Kilichonisukuma ni kitu kimoja tu. Zile video zilikuwa zinamwambia kila mtu kitu kilekile, mwenye kisukari na asiye nacho, anayemeza vidonge na asiyemeza. Yule sista wa kukemea aliniambia mie, kuhusu huyu, akijua vidonge gani vimo mfukoni mwake. Na aliyoyasema ndiyo niliyokuwa nayaona: jasho, tetemeko, maneno ya hovyo.

"Niachie mkono, Godlisten, nisije nikakung'ata." Na ningemng'ata kweli.

Nikamnywesha kidogo kidogo, kichwa chake nimekilaza begani. Kina mama wakaanza kulia kabisa, kama msiba umeshaanza. Nikanywesha tena. Ikapita kitambo, na katika kitambo hicho nilimwahidi Mungu mambo ambayo mpaka leo sijayatimiza. Ndipo Polikarpo akafumba macho, akayafumbua, akanitazama mie, Adelina, akasema, "Mama Jonas, mbona supu inaungua?"

Nilimzaba kofi la bega huku nalia.

Tulimpeleka kliniki hivyo hivyo na fulana yake iliyoloa. Sista akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Chakula umekata, mbio umeongeza, vidonge vilevile. Ulitaka vishushe nini, baba?" Daktari akambadilishia dozi. Kukimbia aendelee, ugali mdogo vilevile, hapo Godlisten hakukosea. Lakini kufunga aache, na jambo lolote jipya aliseme kwanza. Polikarpo akaitikia, ndiyo sista, asante sista. Nikawaza, hata hapa anaitikia.

Kufika nyumbani, nikafungua simu. Grupu linawaka moto. *Bamia yamuinua braza Poli!* Watu wanaulizana wanaloweka ngapi. Wa Mbagala nao wameanza, na kati yao wapo wenye kumeza vidonge kama vyake, wenyewe wameandika.

"Waambie," nikamwambia.

"Yaishe, Mama Jonas. Yule kijana ana moyo mzuri."

Hapo nilipasuka. Nilimwambia huo moyo mzuri wa Godlisten nusura utupeleke Newala kumzika yeye. Nilimwambia nimechoka kuishi na mtu ambaye kila mpita njia anaweza kumuua kwa kumwomba kistaarabu. Majirani walinisikia, na wasikie.

Akachukua simu. Akarekodi, akafuta. Akaanza na salamu za watu wote, akafuta. Jasho linamtoka, nikamwangalia vizuri isije ikawa sukari imeshuka tena. Mwishowe akasema hivi, nami nimesimama mlangoni:

"Jamani, ni mie Polikarpo. Bamia haikuniinua. Mke wangu aliniinua kwa soda. Nilikuwa nafunga, nameza vidonge na nakimbia, na sikumwambia mtu, sababu naona aibu kumkatalia mtu. Nusura nife kwa adabu. Mwenye vidonge kama mie, asifunge kabla hajasema kliniki."

Sauti hiyo wote wameizoea kuijibu kila Jumapili. Safari hii hakuna aliyejibu.

Muda si mrefu mlango ukagongwa. Godlisten, kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu. Nikajua amekuja kugomba, nikajiandaa. Kumbe midomo inamcheza.

"Shemeji, mama yangu Rombo anameza vidonge hivyohivyo. Nimemfungisha tangu Pasaka. Anaishi peke yake."

"Mpigie!"

"Nampigia, hapokei."

Akapiga tena, kaweka sauti kubwa. Ikaita mpaka ikakata. Polikarpo akasimama, akakaa. Godlisten akapiga tena, akawa anaomba kwa Kirombo. Nilisahau hasira zangu zote kwa kijana yule, nikamshika bega lile pana. Ikaita, ikaita.

"Haloo! Nani huyo hachoki? Niko jikoni, mikono ina ndizi."

"Mama! Unakula?"

"Nile nini tena zaidi ya kitalolo changu cha ndizi?"

"Lakini si ulisema unafunga, mama? Uliniambia unafunga!"

"Ulinipigia una furaha sana, mwanangu, ningekukatalia vipi? Nikakwambia sawa. Nikaenda zangu kula."

Godlisten akakaa chini pale pale mlangoni, akafunika uso kwa fulana ya klabu akalia. Tukamwacha alie.

Polikarpo akaninong'oneza sikioni. Mtu mzima na mvi zake, macho yamemtoka kwa mshangao.

"Mama Jonas. Kumbe mtu anaweza kusema sawa, halafu asifanye?"

"Ndiyo, Baba Jonas," nikamwambia. "Wenzio wote tunafanyaga hivyo."