Banda la Baiskeli za Watu wa Treni

Banda lililojengwa Moshi kwa ajili ya baiskeli za abiria wa treni ya alfajiri lilikuwa likifunguliwa saa mbili asubuhi, treni ikiwa imeondoka zamani. Sitanii. Mlinzi alikuja na funguo wakati wa kazi za ofisi, kwa sababu banda lilikuwa mali ya ofisi ya mipango.

Miaka ile ya sabini nilikuwa karani wa mizigo stesheni. Kila alfajiri niliwaona wafanyakazi wakishuka kutoka mlimani kwa baiskeli, breki zikilia, wakiwahi treni ya kwenda kwenye mashamba ya miwa huko tambarare. Baiskeli waliziegemeza kwenye ua wa stesheni na kuzifunga jani la isale kwenye usukani. Kwetu isale ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na ndilo mkosaji analopeleka kuomba msamaha. Kitu kilichofungwa isale hakiguswi, kwani laana yake huwafuata hata watoto wa aliyekigusa. Sikuwahi kusikia baiskeli imeibwa pale.

Dada yangu alikuwa mmoja wa abiria hao. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya shamba, na watoto wake wawili walilala kwa mama yetu, Old Moshi. Baiskeli ndiyo iliyomwezesha kufanya kazi kule chini na kulala na wanawe huku juu. Bila hiyo angechagua kimoja. Lakini yeye hakufunga jani. Alikuwa mwanakwaya wa Kilutheri, na alisema mambo ya majani aliyaacha siku ya kipaimara.

Maofisa wa mipango walipokuja kupima mahali pa kujenga banda, niliwaonyesha kiwanja kitupu kando ya jukwaa la treni. Mmoja aliandika, akatikisa kichwa.

"Hapa nani ataliona, ndugu?"

"Wenye baiskeli."

"Wageni wa mkoa hawapiti huku," akasema.

Wakalijenga karibu na ofisi ya chama, kando ya barabara kubwa, mbali kiasi kwamba ukiacha baiskeli pale na kukimbia bado treni inakuacha. Likapakwa rangi na kuzinduliwa kwa ngoma na hotuba kuhusu kumjali mfanyakazi. Wafanyakazi hawakuisikia, walikuwa kwenye miwa.

Bila shaka hakuna aliyelitumia. Ofisi ya mipango ikaona aibu, na badala ya kuhamisha saa za mlinzi ikaamua kuhamisha baiskeli. Asubuhi moja, treni imeshaondoka, lori la ofisi likasimama uani kwetu. Msimamizi, mtu wa Marangu, mlimani kwetu huko huko, aliyevaa suti ya Kaunda, akaamuru vibarua wapakie. Hawakusogea.

"Mnangoja nini?"

"Ndugu msimamizi, hizi zimefungwa."

"Zimefungwa majani! Ninyi ni mbuzi, mnaogopa majani?"

"Mbuzi angeyala," akajibu kibarua mmoja mzee. "Sisi tuna watoto. Anza wewe, mkono wako ndio wenye cheo."

Wenzake wakacheka. Msimamizi akaisogelea baiskeli ya kwanza, akalitazama lile jani, kisha akaurudisha mkono mfukoni.

"Pakieni zisizo na kitu," akasema kwa sauti ya chini.

Zilikuwa chache, na ya dada ilikuwa mojawapo. Nikamwambia ni ya muuguzi, naijua. Akanijibu kwamba muuguzi ataikuta bandani.

Jioni dada alishuka kwenye treni, akatazama ua, akanitazama mimi.

"Za wapagani zote zipo," alisema. "Ya Mkristo ndiyo imechukuliwa."

Alipanda mlima kwa miguu. Kesho yake treni ilimwacha, na kesho kutwa pia. Nikaenda bandani. Mlinzi alikuwa amekaa peke yake kwenye kivuli cha mabati mapya.

"Hapa zinaingia zinazoletwa na wenyewe," alinieleza. "Zilizokamatwa ni kosa. Kosa liko ofisini."

Ofisini ofisa hakuniacha nimalize.

"Zimehifadhiwa bandani, ndugu."

"Nimetoka huko. Halina hata baiskeli moja."

"Basi ulikwenda siku mbaya."

Nilirudi siku nyingine, na nyingine. Kamwe hakuna aliyesema baiskeli haikuchukuliwa. Kila mmoja alikubali imechukuliwa, kihalali kabisa, na kila mmoja alinyoosha kidole kwa mwenzake. Msimamizi mwenyewe tuliambiwa amehamishwa.

Zahanati haikuweza kungoja. Mganga mkuu alimpa dada chumba kwenye kambi ya shamba: ahamie, au aache kazi. Alihamia. Watoto wakabaki kwa mama, naye akawa anapanda kuwaona Jumamosi, akirudi Jumapili baada ya ibada.

Mwaka uliofuata ofisi ya mipango ilitaja banda lile kwenye mkutano kama kazi iliyokamilika. Nilisimama nikauliza baiskeli ya muuguzi iko wapi. Mwenyekiti alisema swali ni zuri, lakini halimo katika ajenda.