Moshi Ukikosekana

Mwalimu mstaafu wa baiolojia pale Bugene hakuwahi kufundisha seli bila kutaja mafiga. Kokwijuka, aliyesoma kwake, bado anaisikia sauti yake ya kukwaruza: "Moto wa seli, unaochoma chakula kupata nguvu, nao una moshi: kemikali kali za oksijeni. Ukizidi, seli inaugua. Ukikosekana kabisa, inaugua vilevile!" Kisha vidole vyake vyenye chaki vilipekua hewa, kana kwamba vinapekua majivu. Hivyo ndivyo, alieleza, seli ikikosa moshi na kuhisi moto umepoa mno, inavyoivunjavunja protini iliyoufunika ili moto uwake tena.

Leo Kokwijuka amekuja kumjulia hali kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mkewe. Jiko la gesi walilomnunulia watoto wake linang'aa sebuleni, halijaguswa. Mwalimu amechutama kwenye jiko la nje, vidole vilevile vinapekua majivu, anapuliza kaa alilolifukia jana jioni, kama marehemu alivyozoea. Mafigani hakuna chungu.

"Shikamoo, mwalimu. Unapika nini?"

"Marahaba. Sipiki, mwanangu." Moshi unaanza kupenya kwenye migomba, naye anausindikiza kwa macho. "Majirani wasipouona, watadhani hapa hapaishi mtu."