Mtani wa Mama na Barabara ya Kanyenye

Mpaka leo mtu akiniletea utani wa makabila asubuhi-asubuhi, namkata jicho. Wanangu wanasema nina gubu. Waseme.

Enzi za Mwingereza, nyumba yetu ya Kanyenye ilikuwa ya kona. Mama alikuwa mjane, akikaanga vitumbua kibarazani, na nyumba ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa na baba. Kila asubuhi alipita Mzaramo mmoja ambaye babu yake alikuja Tabora na misafara ya pembe za ndovu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, basi kazi yake ilikuwa kumchokoza mama.

"We Mnyamwezi, hama! Nyumba hii nimeshaiuza."

"Iuze, uzikwe nayo!"

Wanacheka, anapewa vitumbua viwili vya bure. Siku tulipomzika baba ndiye aliyelala kizingitini, akakataa maiti isitoke mpaka apewe kuku, nasi tukacheka huku tunalia. Nilimpenda mtu yule, jamani.

Baadaye akawa mjumbe wa halmashauri ya mji. Halmashauri ikaamua kumwaga changarawe kwenye barabara yetu na kuchimba mitaro, gharama walipe wenye nyumba, kila mmoja kwa urefu wa upande wake unaogusa barabara. Sisi wa kona tukapimiwa pande mbili, ingawa ule wa pili ulikuwa uchochoro wa kupitisha mbuzi.

Siku moja akaja na karatasi ya Kiingereza. "We Mnyamwezi, umepimiwa pande mbili. Usipokwenda kulalamika kabla mwezi haujaisha, utalipa zote. Ukishindwa, nyumba inauzwa." Sauti ileile, jicho linakonyeza vilevile.

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Iuze, uzikwe nayo!" Akaichukua ile karatasi, akamfungia humo vitumbua vyake. Naye akacheka, akaenda zake. Angeweza kusema, "Dada, leo sitanii." Maneno matatu tu! Yangempunguzia nini?

Mwezi uliofuata tukaletewa deni ambalo vitumbua vya mwaka mzima visingelilipa. Mama akaenda halmashauri, mimi nyuma yake. Wakamwambia muda wa kulalamika umekwisha. Akasema hakupewa taarifa yoyote.

Ndipo mtani wetu akainuka, akatoa mfukoni ile karatasi, imekunjwa vizuri, ina madoa ya mafuta. "Nilimpa mkononi. Nikamweleza kwa Kiswahili. Alicheka."

Kila neno lilikuwa kweli. Na karatasi aliitunza! Alikula vitumbua vyetu, akaweka ushahidi. Mama alikuwa akiyatazama yale madoa.

Nyumba ikauzwa. Siku ya kuhamia Chemchem, mkokoteni umeshajaa, huyo akapita. Nadhani alitaka mambo yarudi yalivyokuwa, maana alianza kucheka kabla hajafika. "We Mnyamwezi, si nilikwambia uhame?"

Mama akatua karai lake chini. Walikuwa rika moja, na mtani haamkiwi kwa heshima, mtani hutukanwa. Nikasubiri amtukane. Nilitamani sana amtukane.

Mama akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bwana mjumbe."

Kicheko kikamkauka. Alisimama pale barabarani, juu ya changarawe mpya, na marahaba haikumtoka.