Sakafu ya Mama Niliyoikausha kwa Moto

Nakumbuka, mwanangu, msimu mmoja wa mvua kule Mpuguso, karibu na Tukuyu, miaka ile ya ruksa, saruji ilipoanza kuonekana madukani bila kibali. Nilikuwa kijana mwenye nguvu na masikio mazito. Dada yangu alikuwa anaolewa, na mama, aliyekanyaga udongo maisha yake yote, alitaka jambo moja tu: wakwe wamkute kwenye sakafu ya saruji.

Mzee Athumani, fundi wa Ibighi ambaye babu zake walitoka pwani, alinisaidia kuimwaga. Akikusanya vifaa vyake aliniambia, "Ifunike kwa magunia, uimwagie maji asubuhi na jioni, siku saba."

Nikacheka kimoyomoyo. Tukuyu hii, ambako hata chumvi hulowa koponi, mtu amwage maji ndani ya nyumba kwa hiari yake? Sisi mahindi tunayakausha juu ya moto, kuni juu ya moto, hata nguo. Na wageni walikuwa wanakuja baada ya siku nne. Nikapanga majiko ya mkaa chumba kizima, nikakaa kuchochea. Sakafu ikakauka, ikawa nyeupe, nikajiona fundi kuliko fundi.

Siku ya wageni kila kiatu kiliinua vumbi. Nyufa zilikuwa zimetambaa hadi chini ya kiti cha mkwe. Mama alipita na kitambaa akiwafuta wakwe viatu, huku akisema, "Karibuni, karibuni." Aibu ile haijanitoka hadi leo.

Mzee Athumani alikuja, akainama, akaikwaruza kwa ukucha.

"Saruji haikauki kama mahindi, kijana. Inakunywa maji, na polepole inageuka jiwe. Maji uliyoyafukuza ndiyo yangeikaza."

Mama hakunilaumu. "Ndaga, mwanangu," alinishukuru kwa Kinyakyusa, "umejitahidi." Kila asubuhi alifagia, na kila asubuhi sakafu ikapungua. Alifariki kabla sijamwaga nyingine.

Nawe mwanangu unayenisikiliza, nimechoka, sina maneno mengi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mimi nilipokosa kusikia aliyeumia ni mama. Kikavu si lazima kiwe kigumu. Ukiwa na jambo changa, iwe ndoa, iwe kazi, usiliwashie moto ili watu walione mapema. Lifunike, ulimwagilie, ungoje.

Mungu akupe subira ya siku saba, na mama yako aikanyage sakafu yako akiwa hai.