Ndama wa Kwanza wa Yuster

Jirani yangu Yuster hakuwahi kufuga hata mbuzi kabla gari la mradi halijamshushia ng'ombe mlangoni. Huku kwetu, upande wa Newala njia ya Kitangari, sisi ni watu wa korosho, mihogo na kuku. Ng'ombe tulimwona Masasi, buchani, tena ameshachunwa. Siku ile watu walijaa uani kwake kama wamekuja harusini. Mzee Barnaba, ambaye ni Myao na mtani wetu, akasema, "Wamakonde leo mmepata mkwe. Angalieni msije mkampikia ugali."

Mradi ulikuwa wa wafadhili wa ng'ambo, na ofisi yao ilikuwa Masasi. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Wanawake tuliwekwa wawili wawili. Mmoja anapewa ng'ombe mwenye mimba, na ndama jike wa kwanza akishaacha kunyonya anakwenda kwa mwenzake, naye huyo mwenzake wa kwake akizaa anampa mwanamke mwingine wa kikundi. Mwenzake Yuster nilikuwa mimi.

Nilijenga banda, nikapanda majani ya tembo ya kulishia ng'ombe nyuma ya nyumba, lakini moyo haukutulia. Mwanangu wa mwisho, Grace, alikuwa hanenepi, na nesi wa kliniki alisema maziwa yangemfaa. Tena misaada nimeiona. Pampu ya maji iliyoletwa nikiwa msichana ilifanya kazi kidogo tu, ikaharibika, na mpaka leo tunaanika nguo juu yake. Nilijifunza kutoshangilia mapema. Kazi yangu ikawa kumtazama ng'ombe wa mwenzangu kwa jicho la pembeni kila nilipopita.

Yuster ni mwanamke mwembamba, si msemaji. Mumewe aliondoka zamani, naye analea watoto wake kwenye shamba la mikorosho la ukoo wa mama yake. Maji huku juu ni ya mvua. Mwenye paa la bati anayakinga kwenye kisima cha uani, na kisima kikikauka ananunua au anashuka bondeni. Yule ng'ombe alikunywa maji ya nyumba nzima. Yuster akaanza kuoga kwa kopo moja. Alfajiri anashuka bondeni, anapanda mlima na ndoo kichwani, kisha anakwenda kukata majani.

"Unajiua, mwenzangu," nilimwambia.

"Sijiui, Mama Chrispin. Ninamlea ndama wako."

Msimu wa korosho ulipofika, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakajaa chini ya miti. Sisi tukishanyofoa korosho, bibo tunaliacha lioze au tunapikia pombe. Yuster aliona ni chakula cha bure, akamjazia ng'ombe beseni, akaongeza jingine. Kumbe yalikuwa mabibo ya juzi, yameshachacha kwa jua. Mchana nikasikia kelele, nikakimbia. Ng'ombe anayumba, miguu ya nyuma inapishana, tumbo limevimba upande mmoja. Akaanguka palepale mlangoni.

"Kalewa huyu!" mzee Barnaba akapaza sauti. "Hata mgeni mwenye mimba mmemwalika kilabuni!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikuwa natazama lile tumbo lenye ndama ndani yake. Yuster alimpigia simu bwana mifugo, akaambiwa amnyweshe mafuta ya kula, amwinue, amtembeze, asimwache alale. Tulimvuta kwa kamba, mimi na yeye, tukamzungusha uani mpaka jua likapoa. Ng'ombe alipobeua na kuanza kucheua, Yuster alikaa mavumbini akashika kichwa.

"Nami nilidhani namsaidia," alisema. Kisha akachukua jembe, akaenda kuyafukia mabibo yaliyobaki.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa kubwa, akazaliwa ndama jike, mwekundu, mwenye paji jeupe. Lakini wakati huo gari la mradi lilikuwa limeacha kuja. Nilipanda basi kwenda Masasi kuuliza. Ofisini nilikuta kufuli, na mlinzi amekaa kivulini anauza vocha.

"Wameondoka, mama," aliniambia. "Fedha zimekatwa huko kwao. Hata mimi wameniachia sare tu."

Nilirudi na woga wangu. Kijijini walishaanza kusema kwamba mradi umekufa, basi na masharti yamekufa. Nani angemlazimisha Yuster? Mimi sikuthubutu kumuuliza. Nilimpelekea mzigo wa majani, nikakaa kusikiliza atasema nini. Akayapokea, akamwekea ng'ombe. Siku nyingine nikapeleka tena.

Mwezi wa sita nilikuwa uani kwake na mzigo wangu wa majani alipofika mjomba wake, mzee Nikolao. Kwetu mjomba ndiye msemaji wa ukoo, na shamba analolima Yuster ni la ukoo. Nilitaka kuondoka. Yuster akanishika mkono. "Kaa."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Huyu ndama amekua vizuri. Tutamuuza Masasi, vijana wetu watoke jandoni kwa heshima."

"Huyu si wangu, mjomba. Ni wa Mama Chrispin."

"Kasema nani? Wale wa gari? Waite basi waje wamchukue!"

"Nilisema mimi. Mbele ya wanawake wote wa kikundi."

"Mnyama aliyezaliwa kwenye shamba la ukoo ni wa ukoo."

"Maji aliyokunywa mama yake yalipanda mlima kichwani kwangu. Sikumwona mwanaukoo na ndoo."

Mzee Nikolao akanigeukia. "Na wewe, Mama Chrispin, unagombanisha ukoo wa watu kwa ajili ya maziwa?"

Nilimwona Grace akilini, nikaliona na shamba la Yuster. "Baba, mimi..."

"Usimuulize yeye," Yuster alisema. "Hajaomba kitu."

"Haya. Korosho zikianza kudondoka tutaona utaokota chini ya mikorosho ya nani."

"Nitaokota chini ya ile niliyoipalilia. Jandoni nitaleta maziwa, nitaleta kuku, na kupika nitapika mpaka mwisho. Ndama sitoi. Wewe utapata sherehe moja, mjomba, na wanawake wanaomsubiri Mama Chrispin naye atoe watabomoa mabanda yao. Hapo kweli mradi utakuwa umekufa, na aliyeuua nitakuwa mimi."

Mzee aliondoka bila hata kunywa maji. Yuster alianza kuosha sufuria ya maziwa, mfuniko ukamtoka mkononi.

Jandoni alikwenda, akapika na kupakua kama alivyoahidi. Mjomba alikula chakula chake. Salamu yake aliiitikia akitazama pembeni.

Mwezi wa nane Yuster akaja kwangu na ndama kwa kamba. Hapakuwa na gari, wala bango, wala mtu wa kupiga picha. Walikuwepo wanawake wachache wa kikundi na watoto wetu, na Grace kajificha nyuma ya kanga yangu. Nilinyoosha mkono nipokee kamba. Yuster hakuiachia. Alitazama banda, akagusa nguzo, akapapasa majani kwa vidole kuona kama yamelowa au la.

"Maji yako wapi?"

Nikateka ndoo kisimani, nikaiweka chini. Ndama akainusa, akatumbukiza mdomo, akanywa. Huko nyumbani kwa Yuster mama yake ndama alikuwa analia, sauti inatufikia mpaka kwangu. Ndipo Yuster akaniachia kamba.

"Mjomba amesema nini?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Hajasema. Kesho naanza kufyeka chini ya mikorosho."

"Nitakuja tufyeke wote."

"Usije. Kesho atalia kutwa nzima huyu. Kaa naye."

Akafunga kanga kiunoni, akaondoka haraka kuelekea kule ng'ombe wake alikokuwa analia.