Dawa ya Macho ya Mbwa

Jirani yangu pale mtaa wa Landless alikuwa mwalimu mstaafu, na mikono yake ilitetemeka sana. Kwa hivyo kila asubuhi nikienda kazini nilipitia kwake kumtia mbwa wake dawa ya macho. Yeye alishika kichwa, mimi nikadondosha dawa.

Jumanne moja alinifungulia geti akasema, "Leo wacha tu. Amekufa."

Mbwa alikuwa jikoni, amefunikwa sweta. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikamzika. Sikulia. Nilinawa mikono, nikaona nimeshachelewa, na sikujali.

"Kesho utakuja?" mzee akauliza.

"Nitakuja, mwalimu."

Nilikuja. Alikuwa amepika chai. Tulikunywa, halafu nikaenda kazini.