Nilirusha Droni Juu ya Ua wa Wanawake

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunitafutia visingizio, maana nimeshavitafuta mwenyewe na vyote vimenishinda.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, Temeke. Mwenzangu, nimwite Shabani, ni fundi pia, na ana akili kunizidi. Miaka mitatu tuliunda droni ndogo ya upelelezi vitani: askari anaitoa kwenye begi, anairusha, anaona adui alikojificha kabla hajapeleka wenzake kufa. Wakubwa fulani wakasikia, wakatuita tukawaoneshe.

Sharti lao kubwa lilikuwa moja. Ipite chini bila watu kuisikia.

Yetu ilisikika! Kule Kibamba tulikokuwa tunaijaribia, hata waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe waliinua vichwa. Shabani akasema tuombe muda apunguze kelele za mapanga ya droni yanayozunguka.

"Nani atusubiri?" nikamfokea. "Nyie watu wa taratibu ndio mnaachwaga!"

Jumamosi moja alasiri, kwao Shabani kule Mbagala, walikuwa wanamfunda dada yake, anaolewa wiki inayofuata. Ua umezungushiwa khanga, kungwi yuko ndani na mwali, ngoma inalia, wanaume wote tumeondolewa. Hata baba mwenye nyumba alikwenda kukaa kwa jirani. Hakuna mwanaume wa mtaa ule asiyejua kwamba pale hapachunguliwi.

Mimi nikachungulia. Kutokea juu!

Nilisimama mtaa wa pili nikaipitisha mara mbili. Wallahi sikutafuta kuwaona wanawake. Nilitafuta vichwa visivyoinuka, na vilikuwa zaidi ya ishirini, hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Nikarukaruka barabarani peke yangu, mpumbavu mimi! Walikuwa hawasikii kwa sababu ya ngoma, na nilijua. Lakini kamera yetu hainasi sauti, kwa hiyo nani angejua?

Shabani sikumwambia kitu. Siku ya kuonesha, nikaionesha ile picha ukutani, yeye akiwa amekaa pembeni yangu.

"Hawa hawasikii kabisa?" akauliza mkubwa mmoja.

"Kabisa, mkuu."

Mwingine akanyoosha kidole. "Na huyu bibi mnene anayecheza katikati ndiye kamanda wao?"

Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka, jamani!

Yule alikuwa mama yake Shabani. Nilipokuja Dar kutoka Lindi sina pa kulala, ndiye aliyenipa mkeka na sahani ya wali, mwaka mzima, bila kuniuliza nitaondoka lini.

Shabani alisimama taratibu. "Hapo ngoma inapigwa," akawaambia. "Hao wasingesikia hata lori. Msiwape askari wenu kitu hiki, watauawa." Kisha akanigeukia. "Mama yangu ndo umemfanya adui wa kujifunzia, braza? Mie ningekufanyia hivi?"

Akachomoa waya, akatoka. Hatujafanya kazi pamoja tena.

Wale wakubwa nina hasira nao mpaka leo. Walicheka mwili wa mama wa watu kama wako kwenye vichekesho! Lakini nani aliwapelekea? Hasira ikizunguka kote inarudi kukaa kwangu, na mimi sina wa kumfokea.

Nilikwenda Mbagala kuomba radhi. Nilimkuta mama anaanika nguo.

"Shikamoo mama."

Akabana khanga nyingine kwenye kamba.

"Shikamoo mama. Nimekosa."

"Siku hizi nikitoka hapa natazama kwanza juu," akasema, bila kunitazama. "Uzee huu, uani kwangu mwenyewe." Akachukua beseni lake akaingia ndani.

Nyie vijana mnaounda hivi vitu, na najua mko wengi, nisikilizeni! Kitu kikishindwa, semeni kimeshindwa. Ombeni muda, na mkinyimwa mtaanza upya. Msiende kukijaribia kwa watu waliowaamini, halafu mkajidanganya kwamba ni kazi tu. Kama mnaona aibu kumwambia mtu mlichomfanyia, basi hapo mmeshaharibu.

Mimi nimerudi kwa yule mama mara nne sasa. Kila mara nasimama mlangoni natoa shikamoo, na marahaba sijaipata.